Simu Iliyofunikwa Kawa

Kabla sijasema lolote, nawahakikishia kwamba nchini kwetu mambo yote yanakwenda vizuri, na yeyote aliyewahi kunisikia nikisema vingine alisikia vibaya. Jina la nchi silitaji. Si kwa woga, jamani, ni kwa heshima. Sheria inasema jina letu tukufu litajwe na mtu aliyesimama, na mimi leo magoti yananiuma.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Makofi ya mtaa wetu. Kazi yangu ni kuwaonyesha watu lini waanze kupiga makofi na, kazi iliyo ngumu zaidi, lini waache. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, mara nikiwa kazini, mara nikiwa jirani, na mara nyingine nikiwa vyote viwili, hali ambayo simwombei hata adui yangu.

Kiongozi wetu anaitwa Baba Msikivu, kwa sababu anatusikiliza. Anatusikiliza asubuhi tukisalimiana, anatusikiliza mchana tukinunua dagaa. Simu za mkononi alizipiga marufuku kwa huruma tu: mtu akitembea na simu, serikali inalazimika kutembea naye, na serikali yetu ni nene. Badala yake kila nyumba ikapewa simu ya mezani, nyeusi, iliyofungwa ukutani kwa mnyororo. Ndani ya simu hiyo kuna kisanduku cha sauti. Usipokuwepo nyumbani, mtu anakuachia ujumbe humo. Ukirudi ukainua mkono wa simu, mwanamke ambaye hatujawahi kumwona, sisi humwita Dada wa Kisanduku, anakwambia kiungwana: "Una ujumbe mmoja mpya. Kuusikiliza, bonyeza moja. Kuufuta, bonyeza mbili. Kumshukuru Baba Msikivu, bonyeza tatu."

Kila kisanduku kina namba yake ya siri. Ili kutuondolea taabu ya kukumbuka, serikali imetupa sote namba ile ile, nayo ni mwaka aliozaliwa Baba.

Mawaziri wana visanduku vya jumbe elfu moja. Sisi wengine tuna nafasi ya ujumbe mmoja, na ukishaingia, kisanduku kimejaa. Waziri wa Sauti alitueleza sababu yake pale uwanjani: raia mwema hana haja ya kukumbukwa na watu wawili kwa mpigo. Tulipiga makofi. Mimi ndiye niliyeanza.

*

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Bi Mashavu, mjane, mpika vitumbua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Khatibu, fundi wa baiskeli, kijana mrefu mwenye grisi kwenye kucha, ambaye hakuweza kusimulia kichekesho hadi mwisho kwa sababu alikuwa akikicheka mwenyewe kabla hajafika. Nilimpenda yule kijana. Hilo halikatazwi, nimeuliza.

Kila mwaka serikali yetu huitisha Mkutano wa Maswali. Watu wote huja, waziri husimama na kusema, "Karibuni muulize," na hakuna anayeuliza, jambo linalothibitisha kwamba kila kitu kinaeleweka. Kisha tunakunywa soda tunarudi makwetu. Mwaka ule Khatibu akanyoosha mkono. Mimi nilidhani anajinyoosha mgongo.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Maji ya bomba yatatoka lini?"

Mimi kwa mazoea nikapiga makofi, nikajikuta napiga peke yangu.

Msidhani alikamatwa. Nchini kwetu hatuna mfungwa hata mmoja. Magereza yalifungwa zamani, na majengo yake, pamoja na kuta na makufuli yake, yakapewa Ofisi ya Majibu. Aliyeuliza swali hupelekwa huko kwa heshima zote akangojee jibu. Analazwa, analishwa, analindwa vizuri sana, mpaka jibu lipatikane. Wapo waliongoja hadi wakaota mvi. Khatibu akapandishwa gari, na mlango ulipofungwa aliniona akanipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni.

Mama yake hakuwepo mkutanoni. Alikuwa kwenye foleni ya kisima na ndoo zake mbili. Aliporudi tukamwambia. Aliziweka ndoo chini taratibu maji yasimwagike, akaingia ndani, akainua mkono wa simu. Dada wa Kisanduku akasema, "Una ujumbe mmoja mpya."

"Ni yeye," akasema Bi Mashavu, akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

Baada ya siku chache akarudi Mbaruku kinyozi, ambaye alikuwa amepelekwa Ofisi ya Majibu kwa kukohoa wakati wa wimbo wa taifa, na madaktari walipohakikisha kwamba kikohozi chake ni cha kweli na hakina ajenda, wakamwachia. Alikuja moja kwa moja kwa Bi Mashavu kabla hata hajakwenda kwake.

"Mama, nilikuwa naye kwenye foleni," akasema. "Walimruhusu apige simu mara moja. Hukuwepo. Akaongea na mashine."

"Alisema nini?"

"Tulielekezwa ukutani, Mama, sikuyapata maneno. Lakini nilimsikia akicheka kidogo. Halafu wakamwita."

Bi Mashavu akatikisa kichwa, akatabasamu, machozi yakamtoka yote kwa pamoja. "Huyo ndiye Khatibu," akasema. "Huyo ndiye hasa."

*

Sasa ninyi mnaosoma mtauliza kwa nini hakubonyeza moja akamsikiliza mwanawe. Nami nilimwuliza.

Huku kwetu, mtu wa nyumbani akichelewa, chakula chake hupakuliwa kikafunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili, na kawa ile haifunuliwi na mtu mwingine. Apite paka, alie mtoto, haifunuliwi. Mwenye sahani ndiye afunuaye. Akiifunua mwingine, wazee wetu husema, amemzibia mwenyewe njia ya kurudi. Bi Mashavu alichukua kawa ile ile aliyokuwa akifunikia wali wa Khatibu, ya ukili mwekundu na kijani, imepinda kidogo upande mmoja, akaifunika simu.

"Bi Mashavu," nikamwambia, "huo ni ujumbe, si wali. Bonyeza tumsikie mtoto."

"Wewe Katibu, ukila chakula cha mtu ambaye hajarudi, akirudi utampa nini?" akanijibu. "Atakuja. Tutakaa hapa hapa mkekani, yeye mwenyewe atafunua, tutasikiliza wawili. Atanicheka nilivyoogopa."

Basi kila asubuhi, akishaondoa vitumbua vya mwisho jikoni, alipenyeza mkono chini ya kawa bila kuifunua, akautoa mkono wa simu, akauweka sikioni. Una ujumbe mmoja mpya. "Haya baba, nimesikia," alikuwa akisema, kisha anaurudisha na kwenda kuuza vitumbua vyake. Hakukaa matanga, hakuvaa kaniki ya msiba, na wanawake wa mtaa walipomjia na maneno ya pole aliwapa vitumbua wakanyamaza.

Siku moja nilimwuliza kama sauti ya mashine inamtosha.

"Maiti haachi kitu kipya, Katibu," akasema. "Mradi ujumbe upo mpya, mwanangu yupo."

Kisanduku chake kikiwa kimejaa, hakuna mtu aliyeweza kumwachia ujumbe mwingine. Hata Wizara ilipojaribu iliambiwa na Dada wa Kisanduku huyo huyo ijaribu tena baadaye. Wakati mwingine simu ililia chini ya kawa. Ililia hata Siku ya Usikivu, siku ambayo simu zote za nchi hulia kwa pamoja ili Baba atupe salamu zake, na sisi tunasimama wima majumbani, mkono mmoja kifuani, mwingine sikioni. Yeye hakuipokea. Nilisikia kupitia ukutani simu ikilia, ikilia, ikanyamaza. Asubuhi yake alipenyeza mkono chini ya kawa, akaambiwa ana ujumbe mmoja mpya, akashukuru Mungu. Na miaka ikapita, maana kupita ndiyo kazi yake.

*

Waziri wa Sauti, kwa bidii anayojulikana nayo, alitaka kutangaza kwamba taifa letu limesikia kwa asilimia mia. Visanduku vyote vikakaguliwa. Ikaonekana kwamba nchi nzima, milimani na mabondeni, hakuna ujumbe usiosikilizwa isipokuwa mmoja, katika mtaa wetu, kwa mpika vitumbua. Kumbe taifa lilikuwa limekwama kwa mjane mmoja.

Gari lenye kipaza sauti likapita mtaani likiamuru kisanduku kile kisikilizwe kabla ya Siku ya Usikivu. Bi Mashavu akajitanda kanga, akanigongea. "Katibu, twende ukanisemee. Wewe wanakujua."

Wizara ya Sauti ni jengo kubwa na kila dirisha lake lina karani aliyeziba masikio kwa pamba, kwa kuwa kazi ni ya kelele. Tulielekezwa dirisha la Hifadhi.

"Anataka ujumbe wake uachwe ulivyo," nikasema kwa sauti kubwa.

"Anaweza," akasema karani. Bi Mashavu akanishika mkono kwa furaha. Karani akaendelea: "Sauti ni mali ya aliyeitoa. Mwenye sauti aje mwenyewe aseme anakubali iachwe."

"Mwenye sauti yuko kwenu, mwanangu," akasema Bi Mashavu. "Yuko Ofisi ya Majibu."

"Hilo si dirisha letu," akasema karani, akakaza pamba masikioni.

Tukaenda Ofisi ya Majibu. Juu ya lango wameandika kwa herufi za dhahabu SUBIRA YAVUTA HERI, na chini ya herufi hizo kuna seng'enge. Karani wa pale ni mtu mpole sana, na nadhani ndiyo sababu wamemweka mlangoni.

"Khatibu wa maji?" akasema. "Huyo anangoja jibu."

"Jibu litatoka lini?" akauliza Bi Mashavu.

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hilo ni swali. Unataka uingie ungoje naye?"

"Ndiyo," akasema Bi Mashavu.

Aliitikia upesi mno hata karani akaogopa. Akatazama kushoto na kulia, akasema upande wa akina mama umejaa, akatusihi tuondoke kabla mkubwa wake hajasikia. Bi Mashavu hakutaka kuondoka. Nilimvuta, akalia njia nzima. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akinyimwa gereza akalia. Samahani, Ofisi ya Majibu.

*

Siku ya tatu akaja Dakta Mapambio, Mkaguzi Mkuu wa Visanduku, mtu wa shahada tatu na kitambi kimoja. Alikuja na askari wawili na mpiga tarumbeta. Mtaa ukajaa uwanjani kwa Bi Mashavu, nami nikiwa mbele na mikono tayari. Mbaruku alisimama karibu na mlango, brashi yake ya sabuni bado iko mkononi, maana alikuwa ameacha mteja na ndevu nusu.

"Mama," akaanza Dakta, "ujumbe usiosikilizwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni. Taifa lenye adabu haliachi mgeni mlangoni."

"Huyu si mgeni, mwanangu," akasema Bi Mashavu. Alikuwa ameketi mkekani kando ya simu, mkono mmoja juu ya kawa. "Huyu ni mwenye nyumba. Nawaombeni. Sijamkosea mtu. Ningojeeni nife kwanza, halafu msikilize mnavyotaka."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mama. Tunajuaje ndani mna nini? Huenda ni matusi. Huenda ni swali."

"Ni mwanangu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema Dakta kwa huzuni, akawatazama askari. Wakamshika Bi Mashavu mikono, si kwa ukali, nataka hilo lijulikane, na Dakta Mapambio akainama mwenyewe, akaifunua kawa, akaiweka kichwa chini juu ya meza.

Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Bi Mashavu hakuguna. Alipoona imekwishafunuliwa, aliacha kuvutana nao, akajisogeza karibu na simu, akafunga macho. Mtu akinyang'anywa subira ya miaka hubaki na hamu tu. Aliinamisha sikio kama anayesubiri kubusiwa.

Dakta akabonyeza kitufe cha kipaza sauti ili wote wasikie, kisha akabonyeza moja. Kikasikika kikohozi cha kusafisha koo.

"Khatibu," akasema Bi Mashavu.

"Wananchi wangu," ikasema simu. "Huyu ni Baba yenu Msikivu, nawapa salamu za Siku ya Usikivu."

Askari wakakakamaa. Uwanja mzima ukasimama wima, mikono vifuani. Bi Mashavu peke yake alibaki chini, macho bado amefunga.

"Ninawasikia, wanangu. Nasikia mnavyopumua. Nasikia mnavyogeuka kitandani. Hakuna mama nchini humu anayemwita mwanawe nisimsikie. Adui zetu wanasema sisikii, hilo nimelisikia. Mwaka jana kuna aliyethubutu kuuliza habari za maji ya bomba. Namjibu kwa upendo wa baba: maji yatatoka kesho. Dumisheni kunyamaza, maana mkinyamaza nawasikia vizuri zaidi."

Mpiga tarumbeta akapuliza. Nikapiga makofi, watu wakapiga, nikawaachisha. Kisha Dada wa Kisanduku akasema kwa uungwana wake: "Mwisho wa ujumbe. Huna ujumbe mpya."

Bi Mashavu akafumbua macho. "Na mwanangu?" akauliza. "Yuko nyuma yake?"

Dakta Mapambio alikuwa anacheka kwa furaha, bado hajaelewa. "Mama, salamu za Baba zina haki ya njia. Ni kama msafara wa magari. Kisanduku kikijaa, ujumbe wa waziri utarudi, lakini wa Baba unapita, na aliyekuwa barabarani anasogezwa; wa Baba ukishaingia hausogezwi tena, hata na wake mwenyewe."

"Alisogezwa wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni wapi, mwanangu? Nionyeshe niende nikamwokote."

Dakta ana shahada tatu lakini alitazama simu, akatazama ukuta, akautazama mnyororo. Basi ndivyo ilivyokuwa tangu Siku ya Usikivu ya kwanza baada ya Khatibu kuondoka. Miaka yote ile mama wa watu alikuwa akiamka na kumshukuru Mungu kwa salamu za Baba Msikivu.

Nilitegemea aanguke. Badala yake akasimama, macho yanang'aa, akamshika Dakta mkono. "Lakini amejibu! Mmesikia wote, amejibu. Maji yatatoka kesho. Mwanangu alikuwa anangoja jibu, na jibu ndilo hilo. Mwacheni aje. Katibu, si umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema hivyo na kumaanisha.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama ana haki. Dakta Mapambio, kwa kuwa sheria ni sheria, akainua mkono wa simu ile ile, akaomba Ofisi ya Majibu. Tulimwona akisikiliza. Tulimwona akivua kofia.

"Wanasema jibu lilipotoka, walimtafuta wampe," akasema taratibu. "Wakakuta alikuwa amekwisha acha kungoja. Tangu mwaka ule wa kwanza."

Nchini kwetu ndivyo tunavyosema, na hakuna ambaye hakuelewa.

*

Ilibidi sherehe iendelee, kwa sababu nishani ilikuwa imeshaletwa. Dakta Mapambio alisoma harakaharaka kwamba Bi Mashavu, kwa kuhifadhi salamu za Baba miaka mingi bila kuzigusa, akizifunika dhidi ya vumbi kwa heshima isiyo na mfano, anatunukiwa Sikio la Dhahabu. Akambandika sikio lile kifuani juu ya kanga. Akamchoma na pini, akaomba radhi. Bi Mashavu hakuhisi.

Walipoondoka akageuka kwa wanawake. "Haya," akasema. "Tandikeni majamvi."

Ndivyo tulivyoanza matanga ya Khatibu, kwa kuchelewa, bila maiti, bila kaburi, na bila neno lake hata moja. Majamvi yakatandikwa toka sebuleni mpaka barabarani. Wanawake walilia kilio walichokuwa wamekifungia tangu siku ile waliponyamazishwa kwa vitumbua. Mimi nililia mpaka nikakaa chini. Gazeti la serikali liliandika kwamba wakazi wa mtaa wetu walijawa na machozi ya furaha, na kwa kuwa jina langu limo, nathibitisha kwamba yalikuwa ya furaha.

Kawa ilikuwa bado mezani, kichwa chini. Hakuna aliyeigusa.

Kilio kilipopungua, Bi Mashavu akaita, "Mbaruku."

Kinyozi akaja kwa magoti kupita katikati ya akina mama, akaketi mbele yake.

"Wewe ndiye uliyemsikia. Hakuna mwingine tena duniani. Nionyeshe alivyocheka."

"Mama, mimi siwezi."

"Nionyeshe, baba."

Mbaruku akajifuta pua kwa mkono. Akacheka. Kilitoka kicheko kikavu, cha mtu anayekohoa, na watoto waliokuwa mlangoni wakashangaa kusikia mtu akicheka matangani.

Bi Mashavu alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha sikio vile vile alivyoliinamishia simu, nishani ikining'inia.

"Hapana," akasema. "Khatibu huanzia chini, halafu kinampanda. Rudia."

Mbaruku akarudia.